Suruali ya Pikipiki kwa Anayeanza: Nimezipanga kwa Kufuata Joto la Dar

Trafiki atakuuliza helmeti. Suruali hakuna atakayekuuliza, ndiyo maana sisi tunaoanza pikipiki huiweka mwisho wa orodha, na tukifika mwisho hela haipo tena. Mimi niliendesha Boxer miezi mitano nikiwa na helmeti ya maana na kadeti ya ofisini. Siku moja Kigamboni, pale barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami, tairi la mbele likateleza juu ya mchanga. Mwendo ulikuwa wa kawaida, wala sikuvunjika kitu. Ila goti la kulia na nyonga vilichubuka, na kwa wiki tatu nilikuwa nalala ubavu mmoja. Usiku shuka linaganda kwenye kidonda, asubuhi unalibandua kwa maji ya uvuguvugu huku umeng'ata meno.

Piga hesabu kidogo. Ukianguka kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huishii pale ulipodondokea. Unaburuzika juu ya lami kama mita 15 hivi, sekunde mbili. Jinzi ya kawaida ikisagwa kwenye mashine za majaribio hutoboka kabla sekunde moja haijaisha. Sekunde inayobaki ni ya ngozi yako. Kadeti wala tusiitaje.

Lakini pia tusidanganyane. Hakuna suruali itakayozuia mfupa wa paja usivunjike daladala ikikuingia ubavuni. Kazi ya suruali ni kukaa kati ya ngozi na lami, kushika pedi mahali pake goti linapogonga chini, na, kwa pikipiki zetu hizi, kuuepusha mguu wa kulia na eksozi. Nunua kwa kazi hizo.

Herufi za kwenye lebo

Ulaya wana kiwango kinachoitwa EN 17092, cha mwaka 2020, ambacho kinapanga nguo za pikipiki kwa herufi: AAA, AA, A, B na C. Tafuta lebo ndani ya kiuno yenye mchoro wa mtu juu ya pikipiki. Herufi iko hapohapo. Sehemu zinazowahi kugusa chini, yaani magoti na nyonga, hujaribiwa kwa mwendo unaolingana na kilomita 120 kwa saa kwa AAA, 70 kwa AA na 45 kwa A. B ni kama A isipokuwa haina pedi. C ni nguo ya kushikilia pedi tu, kitambaa chenyewe hakiahidi chochote.

Kwa mizunguko ya Mbagala mpaka Posta, A inatosha. Ukijua utakuwa unatoka kwenda Morogoro, anzia AA, maana ukishapita Mlandizi hakuna anayetembea 45.

Pedi nazo zina kiwango chake, EN 1621-1. Pedi ikigongwa kwenye maabara, ngazi ya 1 inaruhusu wastani wa kilonyutoni 35 (kipimo cha nguvu ya kugonga) zipite upande wa pili, ngazi ya 2 mwisho 20. Kwa hiyo 2 ni bora kuliko 1, kinyume na watu wanavyodhani. K ni ya goti, H ni ya nyonga. Na hapa ndipo wauzaji wanapotupiga: anachomoa pedi, anakuonyesha CE, alama ya kukidhi masharti ya Ulaya, anakwambia suruali imepimwa. Kilichopimwa ni pedi. Suruali nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 zina alama hiyo kwenye pedi pekee, na kitambaa chake hakikuwahi kupelekwa kwenye mashine yoyote.

Ya kwanza: suruali ya neti yenye pedi

Kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa, hii ndiyo naiweka juu, na sababu ni moja tu: mwezi wa pili, saa nane mchana, kwenye foleni ya Buguruni, bado utakuwa umeivaa. Nyingine zote nilizowahi kuwa nazo zilikuwa na siku zake za kubaki nyumbani zimetundikwa kwenye msumari.

Neti inakaa mbele ya mapaja na kwenye mashavu ya miguu ili upepo upite. Goti, nyonga na makalio vinatakiwa viwe kitambaa kizito, kisicho na tundu. Kagua hapo kabla ya kitu kingine chochote. Kuna suruali za bei rahisi ambazo neti imepanda mpaka kwenye makalio. Hiyo ni chandarua, iache. Nyingi za aina hii ni daraja A, chache zinafika AA. Mvua hazizuii hata kidogo, na sioni kama ni kasoro kubwa, kwa sababu suruali ya mvua unaweza kuivaa juu.

Tatizo ni kuipata. Madukani kwetu ni nadra. Ulaya bei yake kwa kawaida ni euro 100 hadi 200, na ukiagiza weka akilini ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 18. Njia iliyonifaa mimi ni India, ambako wana joto kama letu na kampuni kama Rynox ya Mumbai inashona kwa ajili ya joto hilo. Ukiwa na jamaa anayekwenda huko kwa matibabu au biashara, mpe vipimo vya kiuno na urefu wa mguu kwa sentimita. Usimtumie namba ya saizi, utaletewa suruali ya mdogo wako.

Ya pili: jinzi ya pikipiki

Ukifika kazini huna haja ya kubadilisha, na hilo kwa wengi linamaliza mjadala. Kwa nje ni jinzi, kwa ndani ina bitana ya nyuzi za aramidi, zile ambazo wengi tunaziita Kevlar kwa jina la bidhaa ya DuPont. Za kisasa zaidi hazina bitana. Nyuzi ngumu zimefumwa humohumo kwenye jinzi, nazo ni nyepesi na ghali.

Igeuze nje ndani. Bitana inatakiwa ianze juu ya makalio, izunguke nyonga, ishuke mpaka chini ya goti. Zipo ambazo zimebandikwa viraka viwili vya ukubwa wa kiganja, kisha mbele wameandika maneno makubwa. Halafu rangi ya njano isikubabaishe. Aramidi asili yake ni ya njano, lakini hata pamba ukiipaka inakuwa ya njano. Omba uchomoe uzi mmoja wa bitana uuchome kwa kiberiti. Aramidi haiyeyuki, inakuwa nyeusi pale motoni na ukiutoa moto inazima. Poliesta inajikunja kuwa kishanga kigumu. Pamba inawaka na kunuka kama karatasi. Muuzaji akikataa uzi mmoja, ameshakujibu.

Aina nyingine hutumia bitana ya Dyneema, nyuzi ngumu za plastiki, badala ya aramidi. Kwenye lami inafanya kazi vizuri, ila inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, na eksozi yako inapita hapo kila siku. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kuangalia unapoweka mguu.

Jinzi hizi zina joto pale penye bitana. Nusu saa inavumilika. Safari ya saa mbili utaikumbuka.

Ya tatu: suruali ya kuvaa juu, ya mtumba

Hapa ndipo utakapopata kitu cha maana kwa hela ndogo, na hapa ndipo utakapopigwa pia. Kwenye marobota ya nguo za Ulaya huwa yamo magwanda ya pikipiki, na wauzaji wengi hawajui ni nini. Wanayaita suruali za barafu. Ya kwangu niliichomoa Karume kwa elfu 40, ya Hein Gericke, ikiwa na pedi zote nne. Jirani na hapo niliona nyingine inayofanana nayo ambayo ningeivaa ningekuwa nimevaa gazeti.

Tofauti unaipata kwa mikono. Shika mshono wa makalio pande zote mbili uvute kwa nguvu, halafu uende wa ndani ya paja. Nguo ya pikipiki hupasukia kwenye mshono kabla ya kitambaa, kwa hiyo uzi ukilia au ukifunguka, rudisha. Tafuta mishono miwili au mitatu inayokwenda sambamba. Mahali palipopauka sana kuliko pengine pameliwa na jua. Bitana ya kuzuia maji ikiwa inatoa unga mweupe, imekufa. Haitazuia maji tena lakini suruali bado inaweza kukulinda, tumia hilo kushushia bei. Kisha toa pedi uzikunje. Pedi nzima inarudi taratibu kwenye umbo lake. Iliyozeeka inapasuka kama biskuti au inaacha vumbi vidoleni. Pedi mbovu si mwisho, zinauzwa peke yake, mradi mfuko wake upo.

Nzuri zina zipu ndefu ubavuni kutoka kifundo mpaka nyonga, unaivaa juu ya suruali ya kazini bila kuvua viatu. Kwa dada anayevaa sketi, au mzee wa kanzu, sijaona inayozidi hiyo: unakunja nguo ndani, unafunga zipu, ukifika unaibwaga kwenye boksi la nyuma. Ubaya wake ni joto. Zimeshonwa kwa ajili ya Ujerumani. Nyingi zina bitana ya baridi inayofunguka kwa zipu. Itoe, mpe mtu wa Njombe.

Ya nne: kinga za magoti juu ya jinzi nzito

Vile vikombe vya plastiki vyenye mikanda, vinavyoshuka mpaka kwenye muundi. Kama mfuko umefika hapo, nunua leo, usisubiri. Goti limekingwa, muundi umekingwa, nyonga haina kitu. Chagua zenye mikanda miwili juu ya goti na miwili chini, kwa sababu zenye mpira mmoja huzunguka zikaenda kukinga upande wa nyuma wa mguu. Kwa kijana wa bodaboda anayeshinda kijiweni tangu alfajiri, huenda hii ndiyo ikawa namba moja, na siwezi kubishana naye.

Ya tano: ngozi

Wenye mapenzi na ngozi watanirushia mawe. Ni kweli, ngozi ya ng'ombe ya unene wa milimita 1.1 hadi 1.3 inastahimili lami kuliko karibu vyote nilivyotaja. Lakini pwani inalowa jasho kwa dakika kumi, na ukiitundika ndani masika inaota ukungu mpaka inanuka kama debe la samaki. Ukiwa Mbeya, Njombe, Lushoto au Arusha, ipandishe hadi nafasi ya pili. Na ngozi laini za mitindo, zile nyembamba za mtoko, hazimo kwenye mazungumzo haya.

Suruali ya mvua ya plastiki sijaipanga popote. Ni nguo ya mvua. Inaburuzika vizuri sana, na ikigusa eksozi inabaki hukohuko.

Ijaribu ukiwa umekaa

Kioo cha dukani kinakudanganya, kwa kuwa hakuna anayeendesha akiwa amesimama. Ukikaa kwenye pikipiki, suruali inapanda juu sentimita kadhaa na pedi inapanda nayo. Kwa hiyo ukiwa umesimama pedi inatakiwa ionekane kama imeshuka kidogo chini ya kikombe cha goti. Ukikaa ndipo itatua. Omba ukae kwenye pikipiki yoyote iliyoegeshwa nje, au geuza kiti ukikalie kama unaendesha. Kisha shika pedi kwa nje ya kitambaa, jaribu kuisukuma iende pembeni. Ikitoka kwenye goti kwa mkono wako, lami haitaiuliza mara mbili. Kiuno kiwe na mkanda wa kukaza, maana suruali ikiteremka wakati wa kuburuzika inakwenda na pedi zote. Pindo lifike chini ya kifundo hata ukiwa umekaa, liingie ndani ya buti au lilifunike.

Suruali nyingi nzuri zina mfuko wa pedi wenye velkro unaopandishwa na kushushwa. Isipokuwa nao, fundi cherehani anaweza kuuhamisha mfuko kwa nusu saa. Mwambie maneno mawili: uzi wa nailoni, na asiguse mshono wa nje. Mfuko ushonewe kwenye bitana ya ndani. Akitoboa kitambaa cha nje kwa msururu mpya wa sindano, amekuchorea mstari wa kupasukia.

Kufua ni kwa mkono, pedi zikiwa nje, sabuni ya kawaida. Jiki isiikaribie yenye aramidi, inazila nyuzi zake. Jua pia linazila, basi ianike kivulini, na kabla ya kurudisha pedi angalia ipi ni ya kulia: nyingi zina herufi L (kushoto) na R (kulia) kwa ndani, na mimi nimewahi kwenda Kibaha na kurudi nikiwa nimezibadilisha.