GBIF kwa mwani wa maji baridi wa nchi za ncha: ni chombo kizuri, lakini usiiamini ramani haraka

Anayetaka kujua diatomu fulani (mwani wa seli moja wenye magamba ya silika) imeonekana wapi Svalbard, visiwa vya Aktiki, au kwenye maziwa ya Antaktika huishia GBIF, hazina ya kimataifa ya rekodi za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001, sekretarieti yake ikiwa Copenhagen. Ni bure, ila kupakua kunahitaji akaunti. Kwa kupanga mahali pa kuchukua sampuli, tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa kuchora mpaka wa uenezi wa spishi ni mbili, tena kwa anayejua kusafisha takwimu.

Kwanza badili projeksheni ya ramani, yaani namna dunia inavyotandazwa juu ya karatasi. Ile ya kawaida huitandaza Antaktika kama shuka chini ya dunia. Kuna ya Aktiki na ya Antaktika, zote mbili zinasomeka vizuri.

Usichuje kwa nchi. Msimbo AQ hukupa Antaktika, lakini Georgia Kusini ni GS, Kerguelen na Crozet ni TF, Heard ni HM, na hivyo visiwa ndivyo unavyovihitaji kulinganisha. Chuja kwa latitudo: -90 hadi -60 kwa bara na visiwa vya karibu, kisha visiwa vya kaskazini zaidi kimoja kimoja. Kwa Aktiki latitudo haitoshi. Mstari wa 66.5 unaingiza misitu ya Lapland na kuacha karibu Iceland yote, kwa hiyo afadhali uchore eneo kwa mkono.

Kisha kuna chumvi. Tunaposema maji baridi tunamaanisha yasiyo ya bahari, maana huko hata bahari ni baridi. Ukitafuta diatomu zote kusini ya 60° utafurikwa na za baharini, Fragilariopsis kerguelensis mojawapo. Tafuta kwa jenasi: Luticola, Muelleria, Hantzschia, Stauroneis, Humidophila. Navicula na Planothidium zina spishi za baharini na za maji baridi pia, hizo zichambue kwa jina la spishi. Tazama pia aina ya rekodi: visukuku na matokeo ya DNA ya mazingira (iliyookotwa kwenye maji au tope, si kwenye kiumbe chenyewe) hukaa jedwali moja na vielelezo vya hadubini, na mfuatano wa DNA uliotoka kwenye tope haukuambii kama seli ilikuwa hai.

Penye kuumiza ni namba za mahali. Chukua maziwa mawili, Lake Hoare na Lake Fryxell, majirani wa Taylor Valley, bonde la Antaktika, wanaotenganishwa na barafu ya Canada Glacier. La kwanza liko karibu 77.63° kusini na 162.88° mashariki, la pili 77.62° na 163.18°. Mtu akiandika digrii nzima, yote mawili yanakuwa 78 kusini na 163 mashariki: nukta moja, iliyo kilomita 40 hivi kusini ya maji yenyewe. Katika latitudo hiyo digrii moja ya longitudo ni kilomita 23 tu, ilhali ya latitudo inabaki 111, hivyo kosa la kufupisha namba haliendi sawa pande zote. Safu ya coordinateUncertaintyInMeters, inayosema mahali panaweza kukosewa kwa mita ngapi, ikiwa tupu, hesabu desimali kabla ya kuichora nukta.

Baya zaidi ni kusahau alama ya kutoa, ile inayoonyesha kusini au magharibi. Sampuli ya Kisiwa cha Livingston huko Antaktika, 62.6° kusini na 60.4° magharibi, ikipoteza alama ya latitudo hutua baharini kati ya Kanada na Greenland. Ghafla una spishi ya ncha zote mbili, na mtu anaiandikia makala! GBIF huweka bendera za onyo kwa baadhi ya makosa haya. Zisome, ila usidhani zimeyakamata yote.

Majina nayo yana mambo yake. Hantzschia amphioxys na Pinnularia borealis zinaonekana kila kona ya ramani. Sehemu ya uenezi huo ni kazi ya vitabu vya Ulaya: kwa miaka mingi diatomu za Antaktika zilipachikwa jina la Ulaya lililo karibu, na uchunguzi wa karibu zaidi wa magamba, pamoja na DNA, umezitenga nyingi kuwa spishi za huko huko. Rekodi ya zamani isiyo na picha wala kielelezo kilichohifadhiwa ihesabu kuwa ya kundi la spishi zinazofanana, si ya spishi moja. Tafuta kwa majina ya zamani pia. Luticola muticopsis ilianza kama Navicula muticopsis, na mwani wa theluji nyekundu unaoitwa Sanguina nivaloides tangu 2019 umo kwenye rekodi nyingi kama Chlamydomonas nivalis. Jina jipya likiwa halijaunganishwa na la zamani, rekodi hupanda hadi ngazi ya jenasi, na ukichuja kwa spishi hutaiona. AlgaeBase, hifadhidata ya majina ya mwani, inasaidia kuhakiki visawe kabla ya kutafuta.

Nafasi tupu kwenye ramani mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna kituo cha utafiti karibu.

Wakati wa kupakua, muundo uitwao CSV hutenganisha safu kwa tabo, si koma. Programu ya majedwali ikifungua kila kitu ndani ya safu moja, badili kitenganishi. Kila faili huja na DOI yake, namba ya kudumu ya kuitaja. Inakili siku hiyo hiyo, kwa sababu utafutaji uleule mwezi ujao unaweza kutoa idadi nyingine.