Uzoefu wangu na kituo cha usikilizaji cha chuo chetu hapa Lubumbashi

Nimetumia kituo cha usikilizaji cha chuo ninachosoma, yaani ofisi ambapo mwanafunzi mwenye shida husikilizwa na kushauriwa kwa siri, tangu mwaka uliopita wa masomo, kwanza kwa ajili yangu, kisha kwa kumsindikiza mwenzangu ambaye tunapanga naye nyumba upande wa Kassapa. Ninaandika kwa sababu wanafunzi wengi hupita mbele ya mlango ule wakidhani ni ofisi ya wenye wazimu.

Mimi nilifika nikiwa nimekosa usingizi: mitihani ilikuwa karibu, karo haijakamilika, na umeme ukikatika jioni nilikuwa nakaa gizani nikihesabu madeni. Mama mwanasaikolojia aliyenipokea aliniruhusu nizungumze Kiswahili. Tunasoma kwa Kifaransa, tena tunajibu mitihani kwa Kifaransa, lakini aibu ya kushindwa kulipa, huku wazazi wangu wa Katuba wakiamini kwamba kila kitu kiko sawa, sikuweza kuieleza kwa lugha ya darasani. Hakunihubiria. Alinisaidia kupanga namna ya kumwambia baba ukweli, na usingizi ulirudi polepole.

Hata hivyo, thamani ya kituo hiki niliiona zaidi kwa mwenzangu. Asistanti mmoja, yaani mwalimu msaidizi, alikuwa akimtumia ujumbe usiku, akimtaka wakutane nje ya chuo ili wazungumzie alama zake, naye aliogopa kwamba akisema atarudia mwaka. Alipouliza, "Mama, jina langu litafika kwa wakubwa?" alijibiwa kwamba halitatoka mle bila idhini yake. Alielezwa kwamba sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamwadhibu anayetumia mamlaka ya kazi yake kudai ngono, kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12, na kwamba kesi ya namna hiyo hufunguliwa kwa malalamiko ya aliyetendewa. Kwa hiyo hawakumsukuma. Walimshauri asifute ujumbe hata mmoja, wakampa muda wa kufikiri, na alipoamua mwenyewe kuandika barua kwa uongozi wakamsaidia kuipanga vizuri. Karatasi zake zilisahihishwa na mwalimu mwingine. Nilimwona akirudi darasani bila kuinamisha kichwa, na jambo hilo peke yake linatosha kunifanya nikisifu kituo hiki.

Tulijifunza pia jambo ambalo lingestahili kubandikwa katika kila bweni: aliyebakwa afike hospitalini mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya muda huo. Matibabu hayangoji polisi wala barua ya chuo.

Kasoro zipo, na ni nzito. Mlango wa kituo unatazamana na foleni ya kulipia karo, hivyo kila anayeingia anaonekana. Ukuta wa chumba cha mbele ni mwembamba. Na ofisi hufungwa alasiri, ilhali vipindi vyetu huisha giza limekwisha kuingia na njia ya kutokea barabarani haina taa. Huduma inayotunza siri kwa uaminifu kiasi hicho inastahili mlango mwingine na zamu ya jioni.

Anayekusudia kwenda afike asubuhi kabla foleni haijajaa, na aombe chumba cha ndani. Hatatozwa chochote, wala hataulizwa kadi ya mwanafunzi kabla ya kusikilizwa.