Tripodi yenye kwikwi: uzoefu wangu wa miezi kumi na kichwa cha video kilichokaza

Kwanjula moja ya Mityana, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, ndo ilinifumbua macho. Mnajua vile inakuwaga, tenti zinaangaliana, huku watu wa binti, kule wageni, katikati nyasi, halafu zawadi zinaanza kuingia, vikapu, matunda, makreti ya soda, masanduku ya gomesi, yale magauni ya kina mama, mstari unatoka getini mpaka mbele pale wanapopiga magoti, na wewe mpiga video kazi yako ni kuwafuata polepole bila kushtuka. Sasa mimi nasukuma mkono wa tripodi, hausogei. Naongeza nguvu, hausogei. Naongeza tena kidogo, paap! kamera inaruka, inawapita akina mama watatu na vikapu vyao inaenda kutulia kwenye jenereta. Usiku naediti naona kila pani, yaani kila nilipogeuza kamera kushoto-kulia, ina hiyo kwikwi. Senga, yaani shangazi, wa bibi harusi akanipigia mwenyewe kuuliza mbona video inatetemeka kama ilipigwa juu ya boda.

Hiyo tripodi niliinunua Kampala, laki nne na nusu, mpya kwenye boksi, kampuni siitaji. Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba kichwa, ile sehemu ya juu inayobeba kamera na kugeuka, ni fluidi, cha majimaji. Nitoe haki yake kwanza, miguu iko sawa kabisa, alumini nene, klipu zinabana, na kichwa kinakaa kwenye bakuli la milimita 75, yaani unaweka levo kwa kulegeza nati moja ya chini tu badala ya kuhangaika na mguu mmoja mmoja, na kwa viwanja vya nyumba za huku ambavyo kila pahali pana mteremko hiyo ni raha. Miezi minne ya kwanza sikuwa na neno. Halafu ugumu ukaanza, kidogo kidogo, mpaka Mityana.

Mwanzoni nilidhani ni mimi. Nikaangalia loki, maana hapo ndo wengi tunakosea: kuna loki ya kufunga kabisa na kuna nobu ya mkazo ya kuamua ugumu, na ni vitu viwili tofauti. Mi nilikuwa na tabia ya kufunga loki nusu nusu ili kichwa kiwe kizito kidogo, kumbe hiyo inakwaruza vipande vya ndani taratibu. Nikaachia loki zote, nobu nikarudisha mpaka mwisho, bado ngumu. Nikaja kwenye balansi. Kamera yangu ina maiki na lenzi ndefu, uzito wote umelalia mbele, basi nikasogeza pleti, kile kibao kinachoshika kamera, nyuma kidogo kidogo mpaka nikiachia mkono kamera inabaki pale pale haianguki mbele wala nyuma. Tilti, ile ya juu-chini, ikapona nusu nzima! Tulikuwa tunapigana na uzito wa lenzi tukidhani ni kichwa. Kama yako ni ngumu kwenye juu-chini peke yake, anza hapo kabla hujatoa shilingi. Ila pani, ile ya kushoto-kulia, haihusiani na balansi hiyo, na yangu ilibaki vile vile.

Jibu nililiona Kabale, mwezi wa saba, tumeenda kwenye kuhingira, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Kabale iko juu, inakaribia mita 2000, asubuhi unapumua moshi unatoka mdomoni. Saa moja asubuhi kichwa kilikuwa ubao, nageuza kwa mikono miwili na miguu ya tripodi inazunguka nayo. Saa saba mchana jua limewaka, kichwa kile kile, hakuna mtu amekigusa, kimelainika hata nikacheka. Skrubu haijui baridi hivyo. Grisi ndo inajua. Grisi nzito ikipata baridi inazidi kuganda, na ikiwa imezeeka au imeingia uchafu ndo kabisa.

Hapa ngoja nieleze kidogo maana bila hii mtu ataendelea kukaza na kulegeza nobu bure. Kichwa cha majimaji cha kweli, vile vya kampuni za Sachtler na O'Connor na wenzao, ndani kina nafasi nyembamba zilizojazwa ute mzito sana. Ukigeuza, ule ute ndo unakuzuia, na ukigeuza haraka unakuzuia zaidi, ukigeuza polepole unakuachia, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka picha haioni. Huyo O'Connor mwenyewe, Chadwell O'Connor, alikuwa injinia Mmarekani aliyependa kupiga filamu za treni za mvuke, akachoka na picha zinazoruka akajitengenezea kichwa chake. Nilimwelewa sana huyo mzee, yeye treni mimi mstari wa vikapu. Sasa hizi za laki nne, nyingi ndani hamna majimaji yoyote, kuna washa, yaani kipete bapa, ya plastiki inayobanwa kati ya vyuma viwili na grisi imepakwa juu. Msuguano wa aina hiyo unashika sana wakati kitu kimesimama, kikishaanza kusogea unaachia ghafla. Ndo kwikwi yenyewe hiyo.

Kabla sijajua haya yote nilifanya ujinga ambao naomba msirudie. Nilichukua ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu nikapuliza kwenye ufa wa pani. Aah, kikawa laini kama maji! Wiki mbili tu. Ile dawa inayeyusha grisi yote, yenyewe inakauka, inakuachia plastiki inasugua chuma kavu. Kikarudi kigumu kuliko mwanzo na sasa kinalia. Nikakirudisha dukani, wakaniambia garantii yao iliisha siku nilipotoka mlangoni, nikabeba mzigo wangu.

Rafiki akanielekeza Katwe, mtaa wa mafundi hapo Kampala, kwa mzee mmoja fundi aliyekuwa anatengeneza magari jeshini, Kiswahili chake ni kile cha kambini kama changu, tukaelewana hapo hapo. Tripodi alikuwa hajawahi kufungua maishani. Akaigeuza geuza akasema, "Kijana wangu, hiki ni kichwa cha mnyama ama cha mashine?" Halafu akaniagiza: shika simu, piga picha kila ninachotoa. Akatandaza gazeti, kila kipande akakipanga kwa mstari kwa jinsi kilivyotoka. Hiyo ndo somo kubwa kuliko yote, maana washa ziko nyembamba na zinafanana na ukigeuza mpangilio umeumia.

Pleti ikatoka, mkono ukatoka, skrubu nne za alenki, kifuniko cha plastiki, nati kubwa ya katikati, na hapo tukaona aibu. Grisi ya kiwandani imekuwa ya kahawia, na pembeni kabisa kuna tope jekundu, vumbi la murram la barabara zote nilizopita na tripodi imefungwa nyuma ya boda bila begi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, boksi lilinidanganya kuhusu majimaji lakini murram niliweka mwenyewe.

Kusafisha kulichukua saa nzima, spiriti, kitambaa na mswaki wa zamani. Mzee alitaka kutumia petroli nikamkatalia kwa sababu ya plastiki, tukabishana kidogo, nikashinda. Washa ilikuwa na mikwaruzo ila haijapasuka, akaisugua kwa msasa ule laini kabisa wenye maji. Halafu akapaka grisi ya beringi, ile ya pikipiki, tukafunga. Ilianza vizuri bila kuruka, lakini ikawa nyepesi mno, nikisimamisha pani kamera inacheza kama imelewa. Grisi ya beringi kazi yake ni kufanya kitu kizunguke kwa urahisi, na kichwa cha video kinataka kitu cha kuzuia kwa ustaarabu. Nikaagiza grisi nzito ya silikoni kupitia jamaa anayekuja na basi la Nairobi, ile ukiichota kwa kijiti inavutika kama asali ya baridi, tukafungua tena, tukasafisha tena, tukapaka safu nyembamba tu. Ukijaza nyingi inatoka pembeni na kuita vumbi.

Na ile nati ya katikati, jamani, hapo ndo penye roho ya kichwa. Mzee aliikaza mpaka mwisho, kichwa kikawa jiwe. Akarudisha robo mzunguko, kikawa kizuri ila kinacheza ukikitikisa. Akakaza tena upana wa ukucha hivi, akageuza mara ishirini huku na huku grisi isambae, akaniachia mkono wa tripodi nigeuze mwenyewe. Ikaenda yenyewe, nzito, tulivu. Nilitaka kumkumbatia.

Gharama yote: fundi alfu thelathini kwa mara zote mbili, grisi alfu arobaini na tano, na boda zangu.

Sasa mnataka kujua kama mnunue. Kama kazi yako ni mahojiano, mahubiri kanisani, mtu amekaa kwenye kiti na kamera haitembei, nunua, miguu hiyo itakutosha miaka. Kama unaishi kwa kwanjula kama mimi, pani kila wikendi, ongeza hela utafute ya mtumba yenye majimaji ya kweli, na dukani usiamini boksi, achia loki zote, shika mkono kwa kidole kimoja uanze kugeuza taratibu sana kuliko unavyogeuza kawaida. Ikianza kwa kuruka, irudishe kwenye boksi. Isiporuka, weka nobu kwenye mkazo mkubwa ujaribu tena. Nyingi zinafeli hapo hapo mbele ya muuzaji.

Mi yangu bado naitumia. Nimeishonea begi la turubai, na kwa pani ndefu navalisha raba bendi kwenye mkono wa tripodi navuta ile raba badala ya mkono, inakula mishtuko ya mkono wangu yote, watu wananishangaa lakini picha inatoka safi. Nimeshapiga kwanjula tano tangu hapo na hakuna senga aliyepiga simu. Tilti tu ndo inalia kidogo nikiielekeza chini kabisa, kama mlango wa jiko la kijijini, na maiki nilishaihamishia kwa MC kwa hiyo haisikiki.