Kabureta ya injini ya boti: kupulizia dawa au kuifungua?

Pale Feri, kwenye maegesho ya boti, injini ikianza kukohoa, wengi hukimbilia dawa ya kopo ya kusafishia: wanapulizia mdomoni mwa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huku injini inanguruma, basi. Ni haraka, hakuna gasketi ya kubadili, na uchafu mwepesi hutoka. Lakini petroli iliyolala wiki kadhaa huacha utando wa gundi ndani ya jeti, vile vitundu vyembamba vya kupitisha petroli. Jeti ikishaziba, dawa haipiti.

Kuifungua kunakula muda, ila mimi nasimama upande huo. Unatoa bakuli la chini, unaona kwa macho maji na chenga zilizotuama, unafungua jeti, unaziloweka, unapuliza kwa kompresa. Tafadhali usichokoe kwa waya! Jeti ni ya shaba, ni laini. Tundu likipanuka, injini itabugia petroli. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ile ya kurekebisha mchanganyiko, ifunge taratibu hadi igote ukihesabu mizunguko, kisha uirudishe vilevile.

Kurekebisha mlio wa chini, yaani injini ikinguruma bila gia, kufanyike mwisho, injini ikiwa imepata moto na mguu wake, sehemu ya chini yenye propela, umo majini. Pakavu, pampu ya maji inaungua. Dawa ya kopo naiachia injini inayoingia baharini kila siku.