Uzoefu wangu: boljointi za chini za 555 kwenye Prado KZJ95, barabara za Mbeya

Kwenye Toyota Prado KZJ95, boljointi ya chini, yaani ungio la tufe ndani ya kikombe linalounganisha gurudumu na amu (mkono wa chuma unaolibeba kutoka kwenye chesisi), ndiyo spea ambayo siwezi kumshauri mtu abane matumizi. Nimefunga za chapa ya 555, zinazotengenezwa Japani na Sankei, pande zote mbili na nimeridhika nazo. Usukani umetulia, na ule mlio wa "ko, ko" kwenye matuta umekwisha.

Sababu ya kuwa mkali hivi ni jinsi gari lenyewe lilivyoundwa. Kwenye magari mengine uzito huikandamiza tufe ndani ya kikombe chake. Hapa ni kinyume: boljointi imefungwa kwa bolti nne kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), na uzito wa gari kila saa unaivuta tufe itoke kikombeni. Ikishalika sana inachomoka, gurudumu linajikunja ndani ya madigadi, na paipu ya breki inaweza kukatika hapo hapo. Hebu fikiria likutokee kwenye mteremko wa Iwambi na lori liko nyuma yako.

Huku kwetu kinachoziua mapema ni raba kupasuka. Njia ya Matamba kupanda Kitulo ina kona za kukata usukani mpaka mwisho, na masika ni tope tupu. Ufa mdogo tu unatosha: maji na mchanga vinaingia, grisi inaoshwa, kutu inaanza kula tufe. Kwa hiyo raba ikipasuka naihesabu boljointi imekufa, hata kama haijaanza kugonga.

Kuhusu kupima, gereji nyingi zinakosea. Fundi anapiga jeki kwenye chesisi, anatikisa tairi, anasema bado nzima. Ukiinua kwa chesisi, springi inaendelea kuisukuma amu chini na boljointi inabaki imekazwa, hivyo ulegevu unajificha. Piga jeki chini ya amu ya chini yenyewe, karibu na gurudumu, tairi liachie ardhi kidogo. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua na kuachia, mwenzako akimulika tochi penye ungio. Ukiona amu na kile chuma cha habu vinaachana na kurudiana, usiendelee na safari. Halafu shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi. Ukibaki, rudi kwenye boljointi. Likicheza kulia na kushoto tu, angalia tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Linki za stabilaiza (vifimbo vya chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) nazo hugonga hivyo hivyo, zishike kwa mkono kabla hujanunua chochote.

Dukani, iwe Mwanjelwa au popote, nenda na namba ya chesisi. Kulia na kushoto haziingiliani, kwa sababu mkono wa kushikia tairodi umeungana na boljointi. Ikamate mkononi ulizungushe shina, ile fimbo inayotoka kwenye tufe: nzima ni nzito na inazunguka kwa ukakamavu ule ule mzunguko mzima. Ikilegea au ikikwama sehemu moja, irudishe hata kama boksi limeandikwa jina kubwa, maana kopi zimejaa. Lawama yangu kwa 555 ni moja: pakiti niliyopata haikuwa na bolti nne. Nunua mpya. Za zamani zimeshavutika, na ndizo zinazobeba kila kitu.

Kufunga si kazi ngumu. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake, na jeki nyingine iishike amu. Chomoa spliti pini (pini inayozuia nati isilegee), legeza nati kubwa ya shina ila iache imeshika nyuzi chache ili amu isikuangukie. Kuachanisha shina, gonga ubavu wa amu pale shina lilipopita, usigonge ncha ya nyuzi. Kwenye tairodi tumia pula, kifaa cha kuvutia. Ile uma ya kupigiliwa inachana raba ya tairodi ambayo bado unaihitaji. Tundu la shina lifutwe likauke kabisa, usipake grisi. Bolti nne zinakazwa nyutonimita 80 na nati kubwa takribani 140, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele kidogo. Kamwe usirudishe nyuma.

Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, zimetembea barabara ile ile. Na tafadhali, asikuchomelee mtu kikombe ili "kuibana". Moto unaunguza grisi na kitanda cha ndani, na chuma kinabaki hakiaminiki. Inatulia siku mbili tatu, gari linatoka limetulia usukani, mwenye gari anaamini limepona. Huo ndio ubaya wake.

Ukimaliza, peleka alaimenti (kupanga matairi yanyooke) kabla tairi halijaanza kulika upande wa ndani, na baada ya wiki moja ya kutembea kwenye barabara ya vumbi, rudi chini ya gari ukaguse zile bolti nne kwa spana.