Tasbihi ya japa ya mti wa tulasi: punje nzuri, uzi dhaifu

Tasbihi hii ni ya japa, yaani kulirudia jina la Mungu. Punje ni 108, mbali na moja kubwa ya kichwani, zote zimechongwa kwa tulasi, mmea wa jamii ya mrehani ambao Wavaishnava (Wahindu wanaomwabudu Mungu kama Vishnu au Krishna) huuheshimu kama mpendwa wa Krishna. Kwa wafuasi wa Chaitanya (1486–1534), mtakatifu wao wa Bengal, jina la Mungu na Mungu mwenyewe ni kitu kimoja. Anayelitaja yuko naye. Kwa hiyo punje inayokwama si kasoro ndogo, maana hutoa akili kwenye jina.

Hapa tasbihi hii inastahili sifa. Kila punje imetengwa kwa fundo, hivyo gumba na kidole cha kati huvuta moja tu. Zisizo na mafundo huteleza mbili kwa mpigo na hesabu ikavurugika. Punje pia hupungua unene kuelekea mwisho, na vidole vikatambua kwamba mzunguko unakaribia kwisha.

Tatizo ni uzi wa pamba. Punje ya kichwani haivukwi: ukiifikia unageuza tasbihi na kurudi ulikotoka, na hapo ndipo uzi husuguliwa zaidi. Kwa anayetimiza mizunguko 16 kila siku, yaani mantra (sala fupi ya jina, moja kwa kila punje) 1,728, ni bora kuutunga upya kwa nailoni mapema. Usiiloweke, mbao hupasuka. Mafuta kidogo yanatosha.

Mfuko wa kuishikia tasbihi ni mzuri, ila tundu la kidole cha shahada, ambacho hakigusi punje, ni jembamba mno.