Newgrange au Skellig Michael?

Ukiwa na siku moja tu ya kuonja historia ya kale ya Ayalandi, mimi nakupeleka Newgrange. Kaburi hili la mawe katika bonde la mto Boyne lilijengwa yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Juu ya mlango wake kuna kidirisha. Karibu na Desemba 21, jua linapochomoza, mwali hupenya hapo, hutambaa kwenye ujia wa mita 19 na kuangaza chumba cha ndani kwa dakika 17 hivi. Hebu fikiria: wakulima wasiojua chuma walilipimia jua njia yake! Masimulizi ya kale yanasema hapa palikuwa makao ya Dagda, mmoja wa miungu wakuu, hadi mwanawe Aengus alipoyatwaa kwa ujanja: aliomba kukaa "mchana na usiku", kumbe maana yake ni milele.

Skellig Michael ni jabali la mita 218 baharini, kilomita 12 hivi kutoka pwani ya Kerry. Watawa wa Kikristo walijenga huko vibanda vya mawe vyenye umbo la mzinga wa nyuki, bila chokaa. Utapanda ngazi za mawe zipatazo 600, tena za mwinuko mkali. Mashua huenda msimu wa joto pekee, na bahari ikichafuka safari imekufa. Mwenye kuogopa kimo asijaribu.

Newgrange hufikiwa kwa basi. Ila kwa alfajiri zile za Desemba, wanaoingia huchaguliwa kwa bahati nasibu.